Neno la Kumuaga Mgeni

Mwenye nyumba wa tatu alikuwa mstaarabu. Hakusema hapana. Alisema vyumba vimeshachukuliwa, tena tangu juzi, na wakati anasema hivyo kibao cha VYUMBA VINAPANGISHWA kilikuwa kinaning'inia juu ya kichwa chake, rangi haijakauka vizuri. Mwalimu alikitazama kibao, akamtazama mwenye nyumba, akakirudia kibao. Mwenye nyumba naye akainua macho. "Ah," akasema, "nilishawaambia wakitoe." Kisha akafunga geti polepole, kwa adabu zote.

Muda mfupi kabla ya hapo mambo yalikuwa shwari. Walishaonyeshwa jiko, walishaambiwa maji hutoka siku gani, na Mwalimu alishaanza kupanga kichwani kabati likae wapi. Ndipo mwenye nyumba akamgeukia mume wa Mwalimu kwa uchangamfu: "Na wewe mzee mwenzangu, unajishughulisha na nini?" Mume, ambaye Mwalimu humwita Baba Watoto ingawa mtoto wao ni mmoja tu, alijibu kama mtu aliyeulizwa saa: "Niko mochwari. Hospitali kuu."

Walitembea mpaka kwenye kona ya duka la vipuri.

"Ungesema hospitali, ukanyamaza," Mwalimu alianza.

"Ameniuliza kazi, nimemjibu kazi."

"Kwani ukisema hospitali umedanganya?"

"Sijadanganya. Lakini angeuliza hospitali sehemu gani. Watu hawakosi kuuliza."

"Majibu yapo mengi, Baba Watoto. Siyo lazima uchague hilohilo."

"Wewe si ndiye unayefundisha watoto wa watu kusema kweli?"

"Mimi nafundisha uraia. Kusema kweli wanafundishwa kwao."

Baba Watoto alicheka, lakini Mwalimu hakuwa na hali ya kucheka. Mji huu ulikuwa umemchosha. Unaweza kuishi na mtu ukuta kwa ukuta mwaka hadi mwaka usijue jina lake, ila utajua anakohoa saa ngapi, anadaiwa na nani na anafanya kazi wapi. Wao walijulikana kwa bahati mbaya. Jirani mmoja wa uani alikwenda hospitali kuchukua mwili wa mjomba wake, akamkuta Baba Watoto amevaa aproni na buti za mpira, ndiye anayemkabidhi. Alimshukuru palepale kwa machozi, kisha akarudi nyumbani akawatangazia wenzake. Kuanzia siku hiyo, kila Baba Watoto akitoka kunawa kwenye bomba la uani, bomba lilisuguliwa kwa sabuni na majivu. Baada ya bomba ikafuata kamba ya kuanikia nguo, baada ya kamba likafuata benchi. Mwishowe mwenye nyumba wao akaja, macho chini, akawaambia yeye binafsi hana neno nao, ila wapangaji wenzao wanalalamika, kwa hiyo mwisho wa mwezi wamwachie chumba chake.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja mbio, na hawakuwa na pa kwenda.

*

Mada ya siku ile, kidato cha tatu, ilikuwa ubaguzi. Wanafunzi walijibu vizuri mno, na hilo ndilo lililomkera Mwalimu. Walitaja rangi, dini, jinsia na ulemavu, moja baada ya lingine, kwa sauti ya watu wanaosoma bei za vitu dukani. Kila mmoja alilaani ubaguzi, akaketi, akaendelea na mambo yake.

Mwalimu aliweka chaki mezani. "Haya, hayo ni ya mtihani. Sasa niambieni ya kwenu. Nyumbani kwenu, ni nani hakaribishwi?"

Kwanza walitazamana. Kisha msichana mmoja wa mbele akasema kwao dada wa kazi ana kikombe chake, na hakuna mwingine anayekigusa.

"Kwa nini?"

"Ndiyo chake, mwalimu."

"Nimeelewa ni chake. Nauliza kwa nini?"

Msichana alifikiri kwa bidii. "Tangu zamani ni chake," akasema, na darasa likacheka.

Baada ya hapo maneno yalimwagika. Mmoja alisema baba yake hapandi gari linaloendeshwa na mwanamke. Mwingine alisema shangazi yake hanunui mboga kwa watu waliohamia mjini juzijuzi, anadai hawaoshi. Mwalimu alianza kuchangamka. Hatimaye hapa palikuwa na kitu cha kushika. Ndipo Kiranja akanyoosha mkono. Kiranja alikuwa kiranja wa darasa, binti nadhifu, mwenye kuandika tarehe ubaoni kila asubuhi bila kuambiwa.

"Mama yangu anapangisha vyumba," alisema. "Sasa hivi viwili viko wazi, vile vizuri, vyenye bomba la ndani. Watu wanavitaka sana. Lakini mama hapangishi walevi, hapangishi wapiga muziki, na hapangishi watu wa mochwari."

Darasa lilipiga mluzi. Mwalimu alisikia masikio yakipata moto.

"Ule siyo ubaguzi, mwalimu, ile ni tahadhari," alidakia mvulana wa nyuma ambaye wenzake humwita Wakili kwa sababu hajawahi kukubali kushindwa. "Mtu ameshinda na maiti kutwa nzima, jioni anashika kitasa unachoshika wewe. Na harufu ile haitoki."

"Umewahi kumnusa?" Mwalimu aliuliza, kwa ukali kuliko alivyokusudia.

"Mimi? Mimi nitafuata nini huko? Lakini inajulikana. Halafu wote ni walevi, bila kulewa ile kazi haifanyiki. Na wana alama yao. Hawasemi 'karibu tena.' Hata uende kwake, ule, unywe, wakati wa kuondoka hakwambii karibu tena. Wamekatazwa. Ukimwona mtu wa hivyo, jua."

Wengine walisema ni kweli, hata wao wamesikia. Kiranja aliitikia kwa kichwa, amekunja uso kama anayehifadhi jambo.

Mwalimu alikuwa na jibu. Lilikuwa limemjaa mdomoni, la maneno machache tu, nalo lingelinyamazisha darasa zima kuanzia Wakili mpaka madawati ya mbele. Mume wake hajawahi kuonja hata bia. Anaoga kazini, anaoga tena nyumbani, kiasi kwamba sabuni ndani ya nyumba ile huisha kabla ya chumvi. Lakini pamoja na jibu hilo alikuwa amesikia maneno mengine, nayo yalikataa kumtoka: vyumba viwili, wazi, bomba la ndani. Hakuna uani. Hakuna majivu.

"Mjadala mzuri," alisema. "Tutauendeleza siku nyingine." Akafuta ubao, na kengele ilikuwa bado haijalia.

Alimsubiri Kiranja kwenye ukumbi wa nje. Alijifanya anatafuta kitu mkobani, akauliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. "Hivyo vyumba vya mama, viko upande gani?"

Uso wa Kiranja ulichanua. "Ni kwa ajili yako, mwalimu? Mama atafurahi! Mwalimu ni mpangaji safi."

*

Mama Mwenye Nyumba alikuwa mwanamke mkunjufu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Alimkumbatia Mwalimu mlangoni. "Mwalimu wa mtoto wangu ni ndugu yangu," alisema, na haukuwa unafiki, ndivyo alivyojisikia. Alimpeleka moja kwa moja jikoni, akafungua bomba. Maji yalianguka kwenye sinki kwa nguvu, meupe. Mwalimu alisimama akiyasikiliza, na aliona aibu kwa jinsi alivyotaka kulia.

"Na baba?" aliuliza Mama Mwenye Nyumba, akilifunga.

"Yuko hospitali kuu."

"Daktari!"

"Hapana." Mwalimu alilitazama bomba. "Stoo."

"Stoo ya dawa?"

"Vitu vya hospitali. Vinaingia, vinatoka."

"Safi kabisa. Maana mimi, ndugu yangu, sitaki mikosi ndani ya nyumba. Sasa nitakuja kwako Jumamosi. Usinielewe vibaya, ndiyo kawaida yangu. Mpangaji simpimi kwangu, nampimia kwake. Niliwahi kumwingiza bwana mmoja hapa ana suti na tai, kumbe anafuga kuku chumba cha kulala."

Walicheka wote wawili. Mwalimu alicheka sana, mpaka yeye mwenyewe akaona amezidisha.

*

"Stoo," alisema Baba Watoto.

"Nilibanwa. Ningesema nini?"

"Nimeitwa mengi mimi. Lakini wale watu hawajawahi kuitwa mizigo."

"Sikusema mizigo."

"Stoo huwekwa nini, Mwalimu?"

Walikuwa wamekaa kitandani, kwa kuwa kiti kimoja kilijaa madaftari ya kusahihisha na kingine alikikalia binti yao. Walimwita Kitinda, kwa sababu walishakata kauli kwamba hatakuwa na mdogo wake. Alikuwa anachora nyumba yenye bomba kubwa kuliko mlango.

"Vyumba vina bomba la ndani," Mwalimu alisema taratibu. "Utanawa bila kutazamwa."

Hapo ndipo alipompata, na alijua. Baba Watoto alitazama mikono yake. "Haya," akasema. "Jumamosi nifanye nini?"

"Mpokee kama unavyopokea watu. Ongea. Akikupa mkono, mpe." Baba Watoto hakuwa na tabia ya kutanguliza mkono, alishazoea kungoja mwenzake aamue. "Na akiondoka, mwambie karibu tena."

"Hapana."

"Binti yake anajua. Darasa zima linajua. Wanasema ndiyo alama yenu."

"Siyo alama. Ni heshima." Alitafuta namna ya kueleza, yeye ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi. "Kule mtu akija tunamwambia pole. Akiondoka tunamwambia nenda salama. Karibu tena utamwambiaje? Aje kufanya nini? Mtu mpya akianza kazi hukatazwa neno hilo kabla hajaonyeshwa glovu ziko wapi. Mimi limeshakufa mdomoni. Ndugu zako wamenisema miaka yote kwamba shemeji yao anaringa, hajui kuaga wageni, na wewe ulikuwa unanitetea."

"Nitakutetea tena. Baada ya Jumamosi."

Ndipo mafunzo yakaanza. Mwalimu alikuwa mwalimu kweli, hakujua kufanya jambo nusu nusu. Alichukua mkoba, akatoka, akageuka kizingitini: "Haya wenzangu, mimi naenda."

"Nenda salama," alisema Baba Watoto.

"Siyo! Rudia."

"Ufike salama."

Kitinda aligaragara kwa kicheko. Kwake huo ulikuwa mchezo mtamu kuliko yote iliyowahi kuchezwa ndani ya chumba kile. "Baba, hujui! Sema ka-ri-bu te-na!"

Walimwandama wiki nzima. Mwalimu akitoka kwenda shule, husimama mlangoni mpaka aambiwe. Kitinda akitoka kwenda msalani, hugeuka na kungoja. Bakuli la sukari halikusogezwa upande wa Baba Watoto mpaka alitamke neno. Mwanzoni alilitoa kwa shida, kama mtu anayetema mwiba wa samaki, na kila akilisema alitazama pembeni. Kisha likazoeleka. Ijumaa muuza mkaa alipopokea chake na kuondoka, Baba Watoto, bila kuambiwa na mtu, akiwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, alisema, "Karibu tena."

Mwalimu na Kitinda walimpigia makofi.

*

Jumamosi Mwalimu alipanga mgeni aje saa ambayo wanawake wa uani wapo sokoni. Alimfuata barabarani, akampitisha kwenye uchochoro wa nyuma, huku akisimulia habari za shule bila kupumua. Mama Mwenye Nyumba alikuja na Kiranja, amevaa gauni zuri kama anakwenda kwa mkwe. Aliketi, akakagua dari, akakagua pembe za chumba, akainua kidogo pazia la kabati. Alikunywa chai. Alimuuliza Baba Watoto kama stoo kuna wizi.

"Hakuna," alisema Baba Watoto. "Hawaibwi."

"Wanajiheshimu, basi, wafanyakazi wenzako."

"Wanajiheshimu sana."

Mwalimu alimkanyaga mguu chini ya meza. Kiranja alikuwa hajagusa chai yake. Alikuwa anamtazama Baba Watoto mikono, kisha mdomo, kisha mikono, na Mwalimu aliona kwamba mtoto yule hakuwa amesahau kitu hata kimoja cha lile somo.

Mgeni alisimama. Alitoa mkono, Baba Watoto akaupokea. "Haya wenzangu," akasema, "sisi tunakwenda."

Kiranja alikazia macho mdomo wa Baba Watoto.

"Karibu tena, mama," alisema Baba Watoto. "Karibu sana."

Kiranja alishusha pumzi na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. Mama yake alifungua mkoba, akatoa ufunguo uliofungwa uzi mwekundu. "Kaeni nao kabisa. Mwisho wa mwezi leteni vyombo. Baba huyu mpole, nimempenda."

Walipokwisha kuondoka, Mwalimu alimrukia mume wake shingoni. Yeye alisimama tu, mikono ikining'inia, akitazama vikombe.

*

Jumanne Mwalimu alirudi kutoka shule akamkuta amekaa juu ya sanduku walilokwisha kulifunga, na buti za mpira miguuni. Alishituka. Mume wake hakuwahi, hata siku moja, kuingia nyumbani na buti za kazini.

"Wamekupiga?"

"Afadhali wangenipiga."

Mwalimu aliweka madaftari chini. Kitinda alikuwa kwa rafiki yake, mtaa wa pili. Uani walisikika wanawake wakijaza ndoo.

"Walikuja mume na mke," Baba Watoto alisema. "Kumchukua mtoto wao wa kike. Umri wa huyu wetu. Nilimwandaa vizuri, Mwalimu. Nilimchana nywele, maana zilikuwa zimevurugika. Mama yake aliniona nikimchana, akatulia. Baba yake akanipa mkono. Unajua watu wale hawanipi mkono, na simlaumu mtu. Huyu alinipa, akanishika na huu mwingine, akasema asante. Wakaingia kwenye gari. Nikawafungia mlango. Nikasema."

"Ukasema nini?"

"Ulichonifundisha."

Mwalimu aliketi chini, palepale sakafuni.

"Yule mama hakupiga kelele," Baba Watoto aliendelea. "Alikuwa na kichanga mapajani. Aliteremsha kioo, akaniuliza taratibu kabisa, kama anauliza njia. 'Nikuletee na huyu?'"

Hakulia. Ingekuwa nafuu kwa wote wawili kama angelia. Alieleza kwamba wenzake waliokuwa karibu walisikia na hakuna aliyemsemesha tena, hata yule ambaye hunywa naye chai. Msimamizi alimwita, akamwambia kuanzia kesho asionekane mbele ya ndugu wa marehemu. Atakuwa chumba cha ndani tu, kukabidhi marehemu kwa ndugu zao watafanya wengine. Na kazi hiyo ya kukabidhi ndiyo aliyokuwa akiijua kuliko wote. Watu wa vyumba vingine vya hospitali walikuwa wakimfuata, jamaa wakizidiwa na kilio, aje awasemeshe.

Mwalimu alitaka kusema pole. Lakini pole ndilo neno alilolitumia mume wake kazini kila siku, kwa watu wasiomfahamu, na alilitumia vizuri kuliko yeye atakavyoweza. Akamvua buti, moja baada ya nyingine, akazitoa nje.

*

Kesho yake kidato cha tatu kilikuwa na mada ya haki za mpiga kura. Mwalimu alifungua kitabu, akakifunga. Hakuwa amepanga kusema lolote. Alikuwa na hasira tu, na haikuwa na pa kutokea.

"Lile somo la ubaguzi nililikatiza," alisema. "Nililikatiza kwa makusudi. Mume wangu anafanya kazi mochwari."

Darasa lilinyamaza namna ambayo alikuwa ameitamani siku ile. Haikumpa raha yoyote.

Wakili alinyoosha mkono, akaushusha, akaunyoosha tena. "Samahani, mwalimu. Kwani... anasalimiana na watu?"

"Anasalimiana na wanaomsalimia."

"Lakini alimwambia mama karibu tena," alisema Kiranja, ameshasimama bila kujua kwamba amesimama. "Jumamosi. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Nilimfundisha. Nilimfundisha wiki nzima, asubuhi na jioni, ili mama yako asijue. Na akaelewa. Sijawahi kuwa na mwanafunzi mwelewa kama yeye. Juzi..." Alisita, akili imemvurugika. "Jana. Jana amelisema neno hilohilo kwa watu waliokuja kumchukua mtoto wao."

Hakuna aliyecheka. Wakili alikuwa anakwangua dawati kwa ukucha. Mwalimu alingoja mmoja wao aseme kitu, chochote, hata kibaya, ili waanze pale. Alitamani wabishane. Mkono mmoja ukainuka, wa msichana wa kikombe.

"Mwalimu, na hii itatoka kwenye mtihani?"

"Haitatoka," alisema Mwalimu.

Akasikia madaftari yakifungwa.

Mapumziko yalipofika Kiranja alibaki. Alikuwa anazungusha kifungo cha sare mpaka uzi umelegea. "Mimi sitamwambia mama," alinong'ona. "Na wenzangu nitawaambia wasiseme. Mtakosa bomba, mwalimu."

Mwalimu alichelewa kujibu. Alichelewa kiasi cha mtoto kuelewa kwamba anafikiria, na hilo lilimuuma kuliko kama angekubali mara moja. "Mwambie," alisema hatimaye. "Au nitakwenda mwenyewe."

Machozi yalimlengalenga Kiranja. "Atanigombeza mimi. Mimi ndiye niliyekuleta."

Hilo Mwalimu hakuwa amelifikiria hata kidogo.

*

Mama Mwenye Nyumba alifika jioni ileile, jua halijazama, kwa njia ya mbele, na wanawake wote wa uani wapo bombani. Hakuingia. Mwalimu alimkaribisha ndani, akakataa kwa kichwa, akasimama mbali na mlango na sauti yake ileile ya ng'ambo ya barabara.

"Ungeniambia, Mwalimu. Mimi ni binadamu. Ningekuelewa."

"Ungenipangisha?"

"Ningekuelewa."

"Nauliza, ungenipangisha?"

"Si ndiyo nakwambia ningekuelewa!" Alikuwa na uchungu kweli, mtu aliyedanganywa na mtu aliyemkumbatia. "Mtoto wangu unamweka katikati. Mwalimu mzima. Naomba ufunguo wangu."

Baba Watoto alitoka nao. Alikuwa ameoga, ana shati safi. Alimsalimia mgeni, kisha akaunyoosha ufunguo kwa mikono miwili, uzi mwekundu ukining'inia. Mama Mwenye Nyumba aliutazama. Akafungua mkoba wake mpana kabisa, akausogeza mbele. "Tia humu," akasema.

Bombani ndoo ilijaa, ikafurika, na hakuna aliyeinama kuiondoa. Baba Watoto aliutumbukiza ufunguo mkobani kwa uangalifu, bila kugusa kingo. Mwalimu alitaka kusema neno la kumchoma mwanamke yule mpaka nyumbani kwake, na maneno alikuwa nayo, ndiyo kazi yake. Lakini mbele yake aliona lile jiko, na yeye akicheka hadithi ya kuku. Akakosa pa kuanzia.

Mgeni aligeuka kuondoka. Ndipo Kitinda, aliyekuwa ndani anachora, aliposikia hatua za mtu anayekwenda. Alitoka mbio, akasimama kizingitini, akavuta pumzi na kusema kwa sauti yake yote, wazi, kama alivyofundishwa:

"Karibu tena!"

Mama Mwenye Nyumba aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Hakugeuka. Alikaza mwendo, mkoba ameushika mbali na gauni, mpaka akapotelea barabarani. Mwanamke mmoja bombani aliguna, mwingine akamfinya.

Mwalimu aliinua mkono kumziba mtoto mdomo. Baba Watoto aliudaka ule mkono hewani.

"Mwache," alisema. "Amefundishwa."

Akauachia. Kisha akaenda bombani kunawa, na wanawake wakasogea kumpisha, mbali zaidi kuliko ilivyohitajika.